Fundi wa Sauti na Mahindi ya Mama

Kabla hajakusalimu, alipiga kofi moja. Aliingia ukumbini, au kanisani, au jikoni kwa mtu, akasimama karibu na mlango, akagonganisha viganja vyake mara moja tu, kisha akatulia na kichwa kimeinama kidogo upande wa kulia. Ile sauti ilikwenda hadi ukutani ikarudi, naye akaipokea. Ndipo aliposema, "Hamjambo." Wageni walidhani anawanyamazisha. Sisi tuliomzoea tulijua kwamba anakipima chumba: urefu wake, ugumu wa kuta zake, na kama kuna mapazia.

Tulimwita Fundi. Jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho cha kazi alichokivaa shingoni kila siku, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Hata mkuu wa chuo, siku ya mahafali, alisimama jukwaani na joho lake akauliza, "Fundi, tuko tayari?" Alikuwa fundi wa sauti wa idara ya maigizo na muziki katika chuo kikuu kimoja cha Bungoma. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa idara hiyo, na baadaye nikabaki hapo kuwa mkufunzi.

Stoo yake ilikuwa nyuma ya ukumbi, chumba kirefu chembamba chenye dirisha moja lililotazama shamba la miwa. Mchana, mvua ilipokuwa bado inajivuta kutoka upande wa mlimani, mwanga uliingia mle ndani ukiwa na rangi ya majani, na vumbi likaelea ndani yake bila haraka. Nyaya zilining'inia ukutani kwa kufuatana urefu, kila moja imekunjwa duara. Ilikuwa mwiko kuruka waya wa Fundi. Ukiukuta umelala sakafuni uliuzunguka, hata kama mzunguko huo ulikupeleka nje ya ukumbi na kukurudisha kwa mlango mwingine.

"Wewe unaweza kuluka mtu amelala?" aliuliza. Alikuwa mtu wa Bokoli, na r zake nyingi zilitoka l. "Basi. Zunguka."

Hakutaka kusikia mtu akihesabu moja, mbili, tatu mbele ya maikrofoni. Alisema mtu akihesabu anatumia sauti ya shule, sauti ya kila mtu. Alitaka umwambie ulichokula asubuhi. Kwa hivyo kila jioni ya mazoezi tulipanga foleni, waigizaji kumi na kitu, tukaungama vyakula vyetu kwenye spika: chai na mkate, uji, ugali uliobaki jana. Muhula wangu wa pili nilijibu, "Sijakula," siku tatu mfululizo. Siku ya nne aliniita stoo. Juu ya meza, kati ya bisibisi na koili za waya, kulikuwa na kikombe cha chai ya maziwa na viazi vitamu vitatu vimefunikwa kwa sahani.

"Hiyo sauti yako inanihalibia kazi," alisema. "Kula."

Sahani ile ilikuwepo kila siku hadi muhula ulipoisha, na hakuna hata siku moja tuliyoizungumzia.

Kwake nyumbani hapakuwa na redio. Jambo hilo lilitushangaza kuliko yote. Mtu aliyetumia siku nzima kusikiliza, jioni aliketi barazani Bokoli bila kitu chochote kinachosema. Kanisani alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu spika za kanisa lao zilikuwa zimefungwa vibaya na zilipiga mluzi mahubiri yote. Angeweza kuzirekebisha kwa dakika kumi. Nilimuuliza kwa nini hafanyi hivyo. Akasema Jumapili ni siku ya kupumzika, na kwamba mchungaji anaupenda ule mluzi, anadhani ndiyo nguvu. Alivumilia mluzi huo miaka yote niliyomjua, macho yamefumbwa, watu wakidhani anaomba sana.

Kwa maigizo alitengeneza radi kwa kipande cha mabati, na mvua kwa maharagwe yanayozungushwa kwenye sinia. Lakini sauti za kweli alizifuata mbali. Mwaka mmoja alichukua pikipiki hadi Kapsokwony, huko mlimani, akapanda zaidi kwa miguu, akarudi baada ya siku mbili na koti limelowa. Alisema alikuwa amekwenda kuchukua sauti ya ukungu.

"Ukungu una sauti, Fundi?"

"Keti."

Alizima taa ya stoo akawasha kinasa chake. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha, mbali, tone moja likaanguka juu ya jani. Kimya. Tone lingine, juu ya kitu laini zaidi. Baada ya muda nilianza kusikia kwamba kimya chenyewe kilikuwa kinene, kimejaa, kinasogea kati ya miti. Tulikuwa wanafunzi watano na sote tulilala. Nilipoamka, kinasa kilikuwa bado kinazunguka, mvua ya kweli ilikuwa inanyesha nje, na kwa muda sikujua ipi ni ipi. Fundi alikuwa amekaa vilevile, mikono magotini, kama mtu aliyekuwa akitulinda.

Ukungu ule ulikuwa wa raha tu. Kilichobadilisha mambo yetu ni mahindi.

Mwaka wangu wa mwisho niliandika igizo kuhusu mwanamke anayelinda ghala wakati wa njaa. Nilihitaji sauti ya kitu kinacholiwa polepole, gizani, bila mlaji kuonekana. Tulijaribu kukwaruza karatasi, tukajaribu kusugua mchanga. Fundi alitikisa kichwa kwa yote.

"Si mama yako anauza mahindi Kitale?" aliniuliza. "Twende kwake."

Mama alikuwa na duka la nafaka mtaa wa Tuwan, chumba cha mbele cha nyumba yetu, magunia yamepangwa hadi karibu na dari. Fundi aliingia, akapiga kofi lake moja, na sauti haikurudi; mahindi yaliimeza. Alitabasamu. Kisha akatoa maikrofoni ndogo, ile ya kubandika kifuani mwa mwigizaji, akaisukuma taratibu hadi katikati ya gunia, akavaa hedifoni, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu sana. Mwishowe akamvisha mama zile hedifoni.

Mama alisikiliza. Uso wake haukubadilika mara moja. Kisha akazivua, akazishika mbali na kichwa.

"Hii ni ndani ya mahindi yangu?"

"Ndani ya punje yenyewe, Mama Nasimiyu. Ni mdudu, fukusi. Mtoto wake huzaliwa humo, anakula akitoka."

"Na kwa nje ni mazuri hivi," mama akasema, akiyachota kwa mkono.

Mimi nilisikiliza wa mwisho. Ilikuwa kama kucha ndogo zikikuna karatasi, mamia ya kucha, zikianza na kuacha bila mpango. Tulipoicheza ukumbini usiku wa igizo, watu walianza kujikuna mikono bila kujua. Baada ya onyesho alikuja nyuma ya jukwaa mhadhiri wa kitengo cha elektroniki, mwanamke mrefu anayetembea haraka, ambaye sote tulimwita Daktari. Hakutupongeza kwa igizo. Aliuliza, "Ile sauti mlitoa wapi?"

Ndivyo utafiti ulivyoanza. Daktari alitaka kuunda fimbo ya chuma yenye maikrofoni kwenye ncha. Mkulima anaichoma ndani ya gunia, anasubiri kidogo, na taa inawaka: nyekundu kama kuna fukusi, kijani kama hakuna. Wanafunzi wakaiita Sikio. Lakini kompyuta iliyo ndani yake ilibidi ifundishwe kwanza, na wa kuifundisha alikuwa Fundi. Sauti zilinaswa kutoka magunia ya wakulima pande zote za Kitale, zikakatwa vipande vifupi, naye akasikiliza kimoja baada ya kingine akiandika: wapo, hawapo, wapo. Mwaka wa kwanza Daktari aliweka magunia kadhaa kando ili kuona kama fukusi wangetoka kweli. Kila mara Fundi alikuwa sahihi. Mwaka wa pili Daktari akaacha kuhakiki.

Nikikumbuka mwaka huo wa pili, ninamwona Fundi akiwa na furaha. Alikuwa anaandika "hawapo" mara nyingi, akitoka stoo akisema, "Wakulima wa Kitale wamejifunza kukausha mahindi, bana. Yametulia kabisa."

Mama alikuwa mmoja wa waliopewa Sikio la kujaribu. Zamani kila baada ya wiki kadhaa alimwaga magunia yake kwenye turubai juani, akachekecha, akapanga upya, kazi ya kuvunja mgongo. Sasa alichoma fimbo, taa ikawaka kijani, akaendelea na mambo mengine. Aliyaweka mahindi yake bora akisubiri shule zifunguliwe aziuzie. Siku alipofungua magunia, aliniita kwa simu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Njoo uone kitu, Nasimiyu."

Gunia la kwanza lilikuwa jepesi upande mmoja. Alipoliinua, unga mweupe ulitoka kwenye mshono ukashuka polepole hewani. Punje zilikuwa na matundu kama zimetobolewa kwa sindano. Fukusi walipanda mikononi mwake naye hakuwapangusa. La pili lilikuwa hivyohivyo, na la tatu, na yote ya safu ile. Kwenye kona, ile fimbo ilikuwa imesimama safi, imefutwa kwa kitambaa, kwa sababu mama hutunza vitu vya watu.

Daktari alidhani maikrofoni imeharibika. Alimletea Fundi sauti zilizonaswa kwenye magunia yale ya mama, azisikilize upya. Nilikuwa stoo siku hiyo. Fundi alivaa hedifoni, nami nikaazima upande mmoja, nikauweka sikioni. Walikuwepo. Kucha zilezile, karatasi ileile, kwa sauti kubwa kuliko siku ya kwanza.

Fundi aliandika: hawapo.

Nilidhani amekosea mstari. Nikamwambia, "Fundi, si hawa hapa?"

Aliniangalia. "Wapi?"

Sijawahi kusahau alivyosema neno hilo. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia njia. Kisha akaongeza sauti, akafuta hedifoni kwa shati lake, akazigeuza, upande wa kulia kushoto.

"Unasikia nini?"

"Kama kucha kwenye karatasi."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, Fundi. Hawajanyamaza."

Akazivua, akaziweka mezani polepole sana, na mle stoo pakawa na ule mwanga wa kijani tu.

"Wewe nakusikia sawa," alisema. "Mvua naisikia. Hizi ndogo ndogo ndizo zimekwenda. Na hazikuniaga. Mwaka mzima nimekuwa na fulaha. Nilidhani wanapungua."

Wiki iliyofuata tulitarajiwa Kitale kuonyesha Sikio mbele ya wakulima na wageni waliotaka kugharamia kazi hiyo iendelee. Nilimwambia Fundi kwamba ningeweza kusikiliza vipande vyote upya, taratibu, na hakuna mtu angejua. Nilikuwa na nia njema. Alizitundika hedifoni ukutani.

"Na mama yako umwambie nini?"

Akaenda kwa Daktari siku hiyohiyo. Sikuwepo, lakini Daktari mwenyewe aliniambia baadaye. Alimsihi Fundi asubiri wiki moja tu, maonyesho yapite kwanza. Fundi hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Daktali, mimi nitabeba spika."

Maonyesho yalikuwa kwenye uwanja, asubuhi ya baridi, ukungu bado umekaa juu ya nyasi na watu wakitokea ndani yake mmoja mmoja wakiwa na makoti. Fundi alikuwa mezani kwake pembeni, akishughulika na vifungo vya mashine. Daktari alieleza vizuri, alichoma fimbo ndani ya magunia, taa ziliwaka. Watu walipiga makofi. Kisha mzee mmoja wa mbele, mwenye kofia ya sufu, akauliza, "Na hii ikisema hakuna, mimi naweza kufunga stoo nilale?"

Lilikuwa swali dogo. Nilimwona Daktari akigeuka kumtazama Fundi. Sijui kama alikuwa anamwomba anyamaze au aseme. Fundi alichukua maikrofoni, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya mbele ya watu.

"Mzee, usilale," alisema. "Hiyo mashine ilifundishwa na mimi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasikia. Mwaka wa pili sikuwa nasikia, na sikujua. Kwa hivyo ikisema kuna, amini. Ikisema hakuna, fungua gunia uangalie."

Wageni waliandika kitu kwenye daftari zao. Yule mzee akauliza, "Sasa mtaifundisha tena lini?"

"Hiyo muulize Daktali," Fundi akasema, akairudisha maikrofoni mahali pake.

Wageni waliondoka bila kuahidi chochote. Daktari alirudi Bungoma kwa gari la mbele na kwa miezi hakumsalimu Fundi, akimpita kwenye korido kama mlango uliofungwa. Ninamwelewa. Alikuwa ameweka miaka yake humo. Lakini sasa alirudi mwanzo, akaweka magunia kando, akahakiki kila kitu. Siku moja alibisha hodi stoo akauliza ni nani sasa angesikiliza. Fundi alimpa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wa maigizo, wote thelathini, akawafundisha kukaa kimya, somo ambalo mimi nilikuwa nimeshindwa kuwafundisha. Alikaa katikati yao akiwatazama nyuso badala ya kusikiliza. Akimwona mmoja amekunja uso, alimwambia, "Andika. Wapo." Sikio linalotumika sasa lilifundishwa na wale vijana.

Siku ileile ya maonyesho, badala ya kupanda gari la chuo, Fundi alikuja nami Tuwan kwa miguu. Mama alikuwa ameketi mlangoni. Fundi hakupiga kofi. Alisimama nje hadi alipokaribishwa, akamweleza yote, akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Wewe ulikosa kusikia," alisema. "Mimi nina macho, na sikufungua gunia. Niliona kazi imenipungukia, nikapenda. Keti, Baba."

Aliketi. Mama akaleta ungo na gunia mojawapo ambalo bado lilikuwa na punje nzima kidogo, wakaanza kuchagua, yeye upande huu na Fundi upande ule, nzima huku, zilizotobolewa kule kwa ajili ya kuku. Walifanya hivyo hadi jua likainama. Wakati fulani nilisikia mama akicheka, sijui kwa nini, na nilipotazama Fundi alikuwa na unga mweupe hadi kwenye nyusi.

Alistaafu mwaka uliofuata. Tulimfanyia sherehe ukumbini, na alipokuwa akielekea mlangoni alizunguka waya, hata siku hiyo.

Nilimtembelea Bokoli mwezi uliopita. Usikivu wake ulikuwa umeshuka zaidi. Nilimkuta kati ya migomba yake, na ilibidi nimguse bega ndipo ageuke. Alikuwa na vile vifaa vidogo vya kusaidia kusikia, lakini alivihifadhi mfukoni. Alisema vinapiga mluzi, na mluzi alikwisha kuuvumilia vya kutosha. Tulizungumza tukitazamana, mimi nikisema polepole kwa sauti ya chini, maana sauti nzito ndizo zilizombakia. Nilimpa habari za mama, za idara, na za Daktari, ambaye alikuwa amemtumia salamu na kuniomba nihakikishe zimefika. Akaitikia kwa kichwa mara mbili.

Aliponisindikiza kuelekea balabalani, kama alivyoiita, tulipita chini ya mgomba uliokuwa na ua. Juu ya ua lile alikuwa chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, kifua kinametameta. Fundi alinishika mkono tukasimama.

"Naona koo lake linacheza," alisema. "Anaimba?"

"Anaimba."

Aliendelea kumtazama yule ndege, akiwa na uso uleule wa siku ile stoo, mtulivu, unaoulizia njia.

Wimbo wa chozi uko juu sana, mwembamba kama uzi. Niliusikiliza hadi mwisho, ukarudia, nikausikiliza tena. Kisha nikavuta pumzi, nikatafuta mahali pa chini kabisa pa sauti yangu, pale ninapowafundisha wanafunzi kuanzia wakiigiza wazee, nikauimba wimbo ule humo, kifuani, mzito na wa polepole, mdomo wangu karibu na sikio lake la kulia. Nilijisikia mjinga kidogo. Watoto wawili waliokuwa wakipita na madumu ya maji walisimama kututazama.

Fundi alifumba macho.

"Ludia," alisema.

Nikarudia.

"Hapo mwisho umemaliza. Yeye huwa hamalizi, hukata."

Nikautazama mdomo wa yule ndege, nikasikiliza, na kweli alikuwa anakata. Nikaimba mara ya tatu, nikaacha pale anapoacha yeye.

"Enhe," Fundi akasema. "Huyo ndiye."

Chozi akaruka akaenda zake, nasi tukaendelea kutembea.